Mwongozo kamili: Panga hadithi ya filamu yako ndani ya programu kabla hujaandika mazungumzo

Wengi hukwama karibu na ukurasa wa 30. Programu iko wazi, mwandishi anaandika NDANI. SEBULENI - USIKU, mgeni anapiga hodi, anakaribishwa, shikamoo, marahaba, za huko, za huku. Kurasa tatu zimekwisha na hakuna kilichotokea. Mwezi mmoja baadaye faili limelala kwenye laptopu na mwandishi anasema mudi imeisha.

Programu ya skripti ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupangilia ukurasa uonekane wa kitaalamu. Ya pili ni kukuwezesha kuhamisha vipande vya hadithi vikiwa bado vyepesi. Karibu kila anayekwama anaitumia ya kwanza tu. Mwongozo huu unahusu ya pili, kuanzia faili tupu hadi siku unayoruhusiwa kuandika mazungumzo.

Kwa filamu ya dakika 90, tenga wiki mbili hadi tatu za kupanga, saa mbili kwa siku. Ukiona nyingi, hesabu miezi uliyopoteza kwenye skripti iliyofia njiani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kompyuta. Laptopu yoyote yenye Windows 10 na kuendelea inatosha. Kazi hii ni maandishi tu, haihitaji mashine ya kuhariria video.

Programu. Mifano yote hapa inatumia mfumo wa Fountain. Ni maandishi ya kawaida yenye alama chache ambazo programu inazigeuza kuwa skripti kamili. Kwenye Windows, pakua Visual Studio Code, ambayo ni ya bure na faili lake la kusakinisha ni takriban MB 100. Ifungue, bonyeza Ctrl+Shift+X, tafuta "Better Fountain", isakinishe. Bando linahitajika hapo tu, baada ya hapo unafanya kazi bila intaneti. Mwenye Mac atumie Beat, nayo ni ya bure.

Kwa nini si Final Draft? Ni programu nzuri ya skripti, ila inalipiwa, na ukifundishwa kupanga ndani yake halafu ukaikosa, unabaki na mazoea bila kifaa. Faili la Fountain hufunguka hata kwenye simu. Skripti ya kurasa 90 haifiki KB 300, kwa hiyo unaweza kujitumia WhatsApp kama nakala ya akiba kila jioni. Prodyuza akitaka faili la Final Draft, Fade In au Trelby itakusaidia kuligeuza.

Kadi 48 za karatasi. Manila 12 za A4, kila moja ikate vipande vinne. Zitatumika siku moja tu, lakini siku hiyo kompyuta haiwezi kushika nafasi yake.

Kipima muda cha kwenye simu, na mtu mmoja asiyehusika na filamu. Fundi cherehani, muuza chipsi, shangazi, yeyote mwenye dakika 15.

## Hatua ya 1: Tengeneza faili lisilokusumbua baadaye

Fungua faili jipya, lihifadhi kwa jina linaloishia na `.fountain`, kwa mfano `kiwanja_01.fountain`. Bila kiambishi hicho programu italiona kama maandishi ya kawaida na haitakupangia chochote.

Nenda kwenye menyu ya File, washa Auto Save. Umeme wa Dar hauagi unapoondoka. Kisha bonyeza Alt+Z ili mistari mirefu ijikunje badala ya kukimbilia nje ya kioo.

Mistari ya kwanza kabisa ni ya ukurasa wa jina:

```
Title: KIWANJA
Credit: Imeandikwa na
Author: Jina lako
Draft date: 3/6

```

Maneno ya kushoto kabla ya nukta pacha yaache yalivyo, programu inayatambua hivyo hivyo. Acha mstari mmoja mtupu baada yake. Ukiusahau, sini yako ya kwanza (sini ni tukio moja linalofanyika mahali pamoja) inaweza kumezwa na ukurasa wa jina.

### Mtego wa NDANI na NJE

Hapa ndipo wanaoandika kwa Kiswahili wanapoangukia. Fountain inatambua kichwa cha sini kikianza na INT. au EXT. Haijui NDANI wala NJE. Ukiandika NDANI bila msaada, programu itaichukulia kuwa maelezo ya kawaida. Na kama hukuacha mstari mtupu chini yake, mambo yanaharibika zaidi: herufi kubwa zinafanya idhani NDANI. SEBULENI ni jina la mhusika, na maelezo yanayofuata yanageuka kuwa maneno anayoyasema. Utaona sebule inazungumza.

Dawa ni nukta moja mwanzoni:

```
.NDANI. SEBULENI KWA MAMA SHABANI - USIKU

```

Nukta hiyo haichapishwi. Acha mstari mtupu juu na chini ya kila kichwa cha sini.

Ndugu wa kosa hili ni maandishi ya ukutani. Dar kuta nyingi zimeandikwa KIWANJA HIKI HAKIUZWI, na ukitaka maandishi hayo yaonekane kwenye sini, mstari wake uanze na alama ya mshangao: `!KIWANJA HIKI HAKIUZWI`. Vinginevyo ukuta nao utapewa mazungumzo.

Umefanikiwa ukiona: andika sini mbili za majaribio, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "fountain", chagua amri ya kutoa PDF. Vichwa vya sini viwe kushoto kabisa, majina ya wahusika yawe ndani zaidi ya mazungumzo, na hakuna nukta iliyobaki mwanzoni mwa kichwa. Usiende mbele kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Sentensi moja inayobeba filamu nzima

Juu kabisa ya faili, chini ya ukurasa wa jina, andika sentensi yako ikianza na alama ya `=`. Mstari wa namna hiyo ni muhtasari, unaonekana kwako tu, hautoki kwenye karatasi.

Sentensi iwe na vitu vinne: stelingi, yaani mhusika mkuu, ni nani, anataka nini, nani au nini kinamzuia, na muda alionao. Mfano dhaifu:

```
= Ni hadithi ya kijana anayepitia changamoto nyingi za maisha hadi anafanikiwa.
```

Hapo hakuna cha kushuti. Changamoto zipi? Kamera ielekezwe wapi? Mfano unaofanya kazi, ambao tutautumia hadi mwisho:

```
= Shabani, fundi simu wa Kariakoo anayejivunia kuwa hana deni la mtu, anaona kwenye simu ya dalali kwamba kiwanja cha marehemu baba yake Kigamboni kinauzwa. Ana siku tano kuzuia mauzo, lakini anayeuza ni baba yake mdogo, na aliyetoa karatasi ni mama yake.
```

Tazama kipande cha "anayejivunia kuwa hana deni la mtu". Hicho ndicho hadithi itakachokivunja. Stelingi asiye na kiburi, woga au uongo anaouamini kuhusu nafsi yake hukufanya uishiwe matukio mapema, kwa sababu kila tatizo linatoka nje na hakuna linalomgusa ndani.

Angalizo: muhtasari ni aya moja. Ukibonyeza Enter katikati na kuendelea bila `=` nyingine, nusu ya pili itachapishwa kwenye skripti. Waandishi wengi wamepeleka kwa prodyuza skripti yenye maelezo yao ya siri ukurasa wa kwanza.

## Hatua ya 3: Andika mwisho

Kabla ya mwanzo. Sentensi tatu: uamuzi gani stelingi anafanya kwenye kilele, anapoteza nini kwa uamuzi huo, na picha ya mwisho ni ipi.

Kwa Shabani: mtaji wa kibanda chake, anachodhani alikijenga kwa jasho lake, ulitokana na mkopo ambao mama aliuchukua kwa baba mdogo kwa kuweka rehani karatasi za kiwanja. Siku ya Ijumaa, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, anaweza kushinda kwa kumtaja mama yake mbele ya watu kuwa ametoa mali isiyo yake, au anaweza kuuza kibanda na kulipa deni. Anauza kibanda. Picha ya mwisho: anatengeneza simu kwenye meza chini ya mwembe Kigamboni, nyuma yake ukuta una rangi mbichi.

Ukikosa mwisho, usijidanganye kwamba utakuja wenyewe. Rudi hatua ya 2, tatizo liko kwenye sentensi. Mara nyingi utakuta hakuna kitu ambacho stelingi analazimika kukiacha.

## Hatua ya 4: Simika nguzo saba

Sasa tumia alama ya `#`, inayotengeneza vichwa vya sehemu. Navyo havichapishwi, ila vinaonekana kwenye paneli ya pembeni na ukivibofya vinakupeleka moja kwa moja mahali pake. `#` moja ni sehemu kubwa, `##` ni nguzo iliyo ndani yake.

Ukurasa mmoja uliopangiliwa kwa fonti ya Courier ya ukubwa wa 12 huhesabiwa kama dakika moja ya filamu. Kwa kurasa 90, nguzo zikae takriban hivi:

```
# SEHEMU YA KWANZA

## 1. Maisha yalivyo, uk. 1-10
= Shabani hana deni na anamwambia kila mtu hivyo.

## 2. Cheche, uk. 10-12
= Picha ya kiwanja kwenye simu ya dalali.

## 3. Hakuna kurudi, uk. 22-25
= Anamkabili baba mdogo mbele ya wazee. Undugu umevunjika.

# SEHEMU YA PILI

## 4. Katikati, uk. 45
= Karatasi zilitolewa na mama.

## 5. Shimo, uk. 65-68
= Mtaji wa kibanda ulitoka hapo. Mama amehamia kwa dada yake.

# SEHEMU YA TATU

## 6. Kilele, uk. 78-85
= Ofisi ya serikali ya mtaa. Mama au kibanda?

## 7. Picha ya mwisho, uk. 90
= Meza chini ya mwembe.
```

Namba za kurasa ni za kukuongoza, hazikufungi. Cheche ikianguka ukurasa wa 14 hakuna atakayekufa. Ikianguka ukurasa wa 28, mtazamaji ameshashika simu yake.

Nguzo ya 3 ndiyo inayokosewa zaidi. Isiwe tu tukio kubwa, iwe kitendo cha stelingi mwenyewe kinachofunga mlango nyuma yake. Kama Shabani angeambiwa habari na kulia, kesho angeweza kuamka na kufungua kibanda kama kawaida. Akishamwita baba yake mdogo mwizi mbele ya wazee wa mtaa, hawezi tena.

Nguzo ya 4 ibadilishe maana ya tatizo, isilikuze tu. Kabla ya ukurasa wa 45 swali ni "nitamzuiaje huyu mwizi?" Baada yake swali ni "mama yangu alifanya nini?" Skripti inayolegea katikati ni ile ambayo swali ni lilelile kutoka ukurasa wa 25 hadi wa 65, yaani dakika 40 za kumkimbiza mtu mmoja.

Kwa filamu fupi ya dakika 15, bakiza nguzo za 2, 4, 6 na 7, na cheche iwe ndani ya kurasa mbili za mwanzo.

## Hatua ya 5: Geuza nguzo kuwa kadi

Kila sini inapata kadi. Ndani ya programu, kadi ni kichwa cha sini na muhtasari wake, basi. Hakuna mazungumzo. Filamu ya dakika 90 yenye sini za wastani wa kurasa mbili inahitaji kadi kama 45, na ndiyo maana uliandaa 48: tatu ni za kuharibu.

Muhtasari wa kila kadi ujibu maswali matatu: nani anataka nini hapa, nini kinamzuia, na nini kimebadilika anapotoka.

```
.NDANI. KIBANDA CHA SHABANI, KARIAKOO - MCHANA

= Shabani anataka kuijaribu simu ya dalali kabla mwenyewe hajarudi. Kioo kinawaka, picha ya kiwanja cha baba yake imeandikwa bei. Aliingia akiwa fundi, anatoka akiwa na siri.
[[UZI: KIWANJA]] [[uk. 2]]

```

Maneno ndani ya mabano mawili ya mraba ni maelezo yako binafsi, hayachapishwi. Hapa UZI ni mkondo wa hadithi ambao kadi inaubeba (tutaufuatilia hatua ya 7), na `uk. 2` ni urefu wa sini kwa kurasa. Usiache mstari mtupu katikati ya mabano hayo, utayavunja.

Linganisha na kadi hii: "Shabani na mpenzi wake wanaongea ufukweni." Wanaongea nini? Nani anatoka akiwa tofauti? Kadi ya namna hiyo hugeuka kurasa tano za maneno matamu ambazo mhariri atazikata. Usiifute leo, iwekee `[[TUPU]]` na uendelee. Ukimaliza, bonyeza Ctrl+F, tafuta TUPU. Zikizidi tano, bado hujajua hadithi yako.

Majina ya lokesheni yaandike kwa namna moja tu. Ukiandika KIBANDA CHA SHABANI leo, KIBANDANI kesho na DUKANI KWA SHABANI keshokutwa, zitahesabiwa lokesheni tatu, na prodyuza atatafuta mahali patatu.

Ukiandikia kwenye simu ndani ya daladala, zima kwanza usahihishaji wa maneno wa kibodi. Simu iliyowekwa Kiingereza itageuza maneno yako kimyakimya, na utayakuta wiki mbili baadaye usijue ulimaanisha nini.

Umefanikiwa ukiona: unaweza kusoma mihtasari peke yake, bila vichwa vya sini, na hadithi ikaeleweka.

## Hatua ya 6: Jaribio la halafu, kwa hiyo, lakini, kumbe

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Nakili mihtasari kwenye kadi za karatasi, mmoja kwa kadi. Zitandaze sakafuni kwa mpangilio. Sasa kati ya kila kadi na inayofuata, tamka neno linaloziunganisha. Kiswahili kimetupa maneno manne yanayotosha.

Halafu. "Shabani anaona picha. *Halafu* anakwenda kula kwa mama lishe. *Halafu* anampigia mpenzi wake." Mambo yanafuatana lakini hayasababishani. Unaweza kuyachanganya kama karata na hakuna kitakachoharibika. Kila "halafu" ni tundu.

Kwa hiyo. "Shabani anaona picha, *kwa hiyo* anachelewesha matengenezo ili anakili namba za watu waliomo." Kadi ya kwanza imezaa ya pili.

Lakini. "*Lakini* dalali anarudi kabla ya muda na kuitaka simu yake." Kizuizi kimeingia.

Kumbe. "*Kumbe* karatasi alizitoa mama." Kilichojulikana mwanzo kimegeuka.

Lengo ni mlolongo wa "kwa hiyo" na "lakini" vikipokezana. Zikifuatana "kwa hiyo" nne, mambo yanamnyookea stelingi mno, tafuta pa kumkwamisha. Zikifuatana "lakini" nne, anapigwa tu bila kufanya lolote, na mtazamaji atamwonea huruma kwa muda kisha atamchoka.

"Kumbe" ni kama pilipili. Filamu ya dakika 90 inabeba tatu, ikizidi nne, na zikae juu ya nguzo: hapa iko moja ukurasa wa 12, moja wa 45 na moja wa 66. Filamu zetu zina ugonjwa wa kulimbikiza kumbe kwenye dakika kumi za mwisho: kumbe ni ndugu, kumbe hakufa, kumbe ilikuwa ndoto. Kumbe ya halali ina kadi mbili au tatu nyuma yake zinazoiandaa bila kuifichua. Kama mama ndiye aliyetoa karatasi, basi mapema tumwone akifunga kabati haraka Shabani anapoingia, na tumsikie akikwepa swali kuhusu mtaji. Huwezi kuonyesha kadi inayoandaa? Andika moja, au iondoe kumbe yenyewe.

Kadi zenye "halafu" zina njia tatu: ziunganishe na kadi nyingine, zipe sababu, au zitoe. Yule mama lishe anaweza kubaki ikiwa ndiye anayemwambia Shabani kwamba dalali alikula hapo na mtu wa Kigamboni. Sasa ni "kwa hiyo".

Ukimaliza sakafuni, rudi kwenye programu upange vilevile. Chagua mistari yote ya kadi na ushikilie Alt huku ukibonyeza mshale wa juu au chini, kadi nzima itahama. Piga picha sakafu kabla hujakusanya kadi. Watoto na feni hawasubiri.

## Hatua ya 7: Fuatilia nyuzi

Sasa tumia zile lebo za UZI. Hadithi ya Shabani ina nyuzi tatu: KIWANJA, MAMA, na KIBANDA. Tafuta `UZI: MAMA` kwa Ctrl+F, programu itaonyesha ziko ngapi, na kwa mshale utaziruka moja baada ya nyingine.

Unachotafuta ni pengo. Kama uzi wa mama upo kwenye kadi ya 4 na unarudi kadi ya 24, mtazamaji atakuwa amemsahau, na pigo la katikati halitauma. Usiuache uzi mkuu ulale zaidi ya kadi nane hivi. Kadi ya kuukumbusha si lazima iwe sini mpya, mama anaweza kupiga simu kwenye sini iliyopo na Shabani asipokee.

### Ukitaka kubadilisha jina la mhusika

Ctrl+H hubadilisha neno kila mahali kwa mpigo mmoja. Lakini washa kwanza kitufe cha neno kamili, Alt+W. Bila hicho, aliyembadilisha JUMA kuwa HAMISI atajikuta na mikutano inayofanyika HAMISINNE na harusi ya HAMISIMOSI.

## Hatua ya 8: Pitisha mpango kwenye mitaa ya Dar

Skripti isiyoshutika ni riwaya iliyokosea njia. Pitia vichwa vya sini ukihesabu mambo haya.

Lokesheni. Kwa bajeti ndogo, lokesheni kuu sita hadi nane zinatosha. Ukiwa na ishirini, kila siku ya kazi itakuwa ya kuhama. Angalia kadi ambazo zingeweza kufanyika mahali palepale bila kupoteza maana.

Kariakoo mchana. Watu wataangalia kamera, sauti itajaa honi, muziki na matangazo ya bei. Sini yenye mazungumzo muhimu iingize ndani ya kibanda na uzibe mlango, nje bakiza picha fupi zisizo na maneno.

Pantoni. Kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni ni picha nzuri kuliko maelezo, lakini kinataka ruhusa na hakikusubiri urudie. Weka sini moja tu ya maana humo, nyingine zifanyike baada ya kushuka.

Jiografia. Mtazamaji wa Dar atakukamata. Ukisema Shabani amechelewa mkutano wa Ijumaa kwa sababu pantoni limesimama, mtu wa Temeke atauliza: na darajani je? Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016. Basi kadi iwe na jibu: hana nauli ya bodaboda ya kuzunguka Kurasini, kwa sababu fedha yote ameiweka kwenye deni. Sasa kizuizi kimetoka ndani ya hadithi.

Usiku na mvua. Kila neno USIKU kwenye kichwa ni taa na malipo ya ziada. Hesabu kadi za NJE pia. Zikiwa nyingi na unapanga kushuti kati ya Machi na Mei, masika itakusomea ratiba.

## Hatua ya 9: Simulia kwa mdomo

Mchukue yule mtu asiyehusika na filamu. Washa kipima muda, simulia hadithi yote kwa kufuata kadi, bila kusoma, ndani ya dakika 12. Usimwombe maoni. Angalia mambo matatu tu: wapi anauliza "ehe, ikawaje?", wapi anaangalia pembeni, na wapi wewe mwenyewe unasema "subiri, nilisahau kukwambia kwamba..."

Hilo la tatu ndilo la dhahabu. Kila "nilisahau kukwambia" ni habari iliyowekwa kwenye kadi isiyo yake. Ihamishie kwenye kadi ya mapema pale pale kwenye programu mkiwa bado mmekaa.

Maswali mengi ya "kwa nini hakwenda polisi tu?" yanamaanisha kizuizi chako hakijafungwa. Kwa Shabani jibu lipo: akienda polisi, wa kwanza kuhojiwa ni mama.

## Hatua ya 10: Sasa andika mazungumzo

Hifadhi mpango kama `kiwanja_mpango.fountain` na usiuguse tena. Tengeneza nakala, iite `kiwanja_rasimu1.fountain`, na humo ndimo utaandika.

Andika chini ya kila muhtasari, bila kuufuta. Hauchapishwi, na unakukumbusha kadi ilikubaliana nini. Ukikuta sini imekwenda kurasa tano wakati lebo inasema `uk. 2`, soma mstari wa "anatoka akiwa": huenda badiliko limetokea ukurasa wa pili na zilizobaki ni watu kuagana. Salamu kata zote isipokuwa salamu yenye kazi. Shabani kukataa kumwamkia baba mdogo ni sini nzima kwa neno moja lisilosemwa.

Kila ukifika mwisho wa sehemu, toa PDF ulinganishe kurasa na nguzo. Sehemu ya kwanza ikifika ukurasa wa 35, usiendelee ukitumaini kufidia mbele. Rudi kwenye kadi za 1 hadi 12 na utoe mbili. Kanuni ya ukurasa kwa dakika nayo ni makadirio, kwa hiyo chukua sini moja ya mazungumzo mengi, isome kwa sauti na kipima muda. Ikichukua dakika moja na nusu kwa ukurasa, jua filamu yako ni ndefu kuliko PDF inavyosema.

Sini fulani ikikugomea, andika `[[RUDI HAPA]]` na urukie kadi inayofuata. Unajua inakoelekea, kwa hiyo kuruka hakukupotezi.

Rasimu ikikamilika, tafuta `RUDI HAPA` na `TUPU` mara ya mwisho, toa PDF, kisha pitia kurasa zote kwa jicho kabla ya kupeleka steshenari kuchapa: nukta iliyobaki, ukuta unaozungumza, muhtasari uliovuja. PDF hiyo ndiyo ya kumpa prodyuza na ya kuambatanisha unapoomba kibali Bodi ya Filamu. Faili la `.fountain` lenye mabano yako yote libaki kwako.